Kuinua Tumbo la Gari: Fizikia ya Njia za Masasi na Newala

Uwanda wa Juu wa Makonde, ulioko kusini-mashariki mwa Tanzania, una umbo linalowashangaza wageni. Msafiri atokaye Mtwara huupanda pole pole bila kutambua kuwa anapanda, kwani ardhi huinuka kidogo kidogo kuelekea magharibi kupitia Tandahimba. Lakini afikapo Newala nchi hukatika ghafla mbele ya macho yake. Hapo ukingo wa uwanda, ambao kwa upande wa magharibi hufikia kimo cha karibu mita 900 juu ya usawa wa bahari, huporomoka kuelekea bonde la Ruvuma kwa kusini na nchi ya chini ya Masasi kwa magharibi. Wenyeji wa Newala wana mahali mashuhuri pa kutazamia mporomoko huo, nao wamepaita Shimo la Mungu. Masasi, kwa upande wake, imezungukwa na vilima vya miamba mitupu visimamavyo kila kimoja peke yake, na baina ya vilima hivyo ardhi ni ya mchanga mahali pengine na ya mfinyanzi mahali pengine.

Gari litumikalo katika wilaya hizi hukutana basi na mambo matatu katika safari moja: mchanga mwingi na mlaini juu ya uwanda, mteremko mkali ukingoni, na matope mabondeni wakati wa masika. Siku hizi limeongezeka jambo la nne, nalo ni lami. Barabara ya Mtwara–Newala–Masasi, yenye urefu wa takriban kilomita 210, imekuwa ikitiwa lami kipande baada ya kipande. Kilomita 50 za kwanza, kutoka Mtwara hadi Mnivata, ndizo zilizotangulia, na kazi ya kipande kirefu kilichobaki ilianza katika miaka ya 2020. Lami hiyo, kama itakavyoonekana, haikupunguza haja ya kuifahamu fizikia ya gari lililoinuliwa. Pengine imeiongeza.

Kwa miaka mingi gari lililoaminika katika njia kama hizi lilikuwa Land Rover, iliyotokea mwaka 1948, ikiwa na chesisi ya vyuma viwili virefu, ekseli nzima mbele na nyuma, springi za majani, na gia ya chini ya kupandia milima. Tangu biashara ya magari yaliyokwisha tumika kutoka Japani ilipopanuka, walimu, wauguzi, wafanyabiashara na wakulima wa korosho wamekuwa wakinunua magari madogo zaidi yenye sura ya magari ya porini: Suzuki Escudo, iliyoanza kuuzwa mwaka 1988, Toyota RAV4 ya mwaka 1994, na ndugu zao wengi waliofuata. Ni magari mazuri, yanywayo mafuta kwa kiasi. Hata hivyo, mengi kati yao ni gari dogo la mjini lililovishwa nguo za safari. RAV4, kwa mfano, haina chesisi ya kujitegemea. Bodi yenyewe ndiyo chesisi. Nayo haina gia ya chini, hata pale inapoendeshwa kwa magurudumu yote manne. Escudo za kwanza zilikuwa na vyote viwili, chesisi na gia ya chini, na hiyo ni sababu mojawapo ya mafundi wengi kuzipenda hata leo.

Mwenye gari la namna hii hugundua upesi upungufu wake katika njia zipitwazo na malori. Msimu wa korosho huanza mwezi Oktoba, yaani mwishoni mwa kiangazi, wakati mchanga wa uwanda umekauka kabisa. Malori huzichukua korosho kutoka katika maghala ya vyama vya msingi, na magurudumu yao mazito huchimba mifereji miwili njiani na kuacha mgongo wa mchanga katikati. Gari dogo liingiapo katika mifereji hiyo, tumbo lake hukaa juu ya mgongo, magurudumu huzunguka bila kazi, na abiria hushuka kusukuma. Ndipo mwenye gari huenda kwa fundi na kumwambia: “Niinulie.”

Kuinua huko kuna faida gani hasa? Tumbo la gari dogo la namna hii kwa kawaida liko sentimita 19 hivi juu ya ardhi. Umbali kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma ni kama mita 2.4. Gari likivuka tuta, sehemu ya kati ya tumbo ndiyo iliyo hatarini, na mwanafunzi ajuaye tanjiti aweza kukadiria pembe ya tuta kali kuliko yote liwezalo kuvukwa. Nusu ya umbali baina ya ekseli ni mita 1.2; sentimita 19 zikigawanywa kwa sentimita 120 hupatikana 0.158, ambayo ni tanjiti ya nyuzi 9. Pembe nzima, yaani pande zote mbili za tuta, ni nyuzi 18. Gari likiinuliwa sentimita 5, tanjiti huwa 0.2 na pembe nzima huwa takriban nyuzi 22 na nusu. Ongezeko hilo ni robo nzima ya pembe ya kwanza, na juu ya mgongo wa mchanga ndilo huamua kama gari litapita au litakwama. Hivyo basi, wanaoinua magari yao si watu wanaofuata mtindo tu, ingawa wenye kufuata mtindo nao wapo.

Swali gumu zaidi ni jinsi ya kuinua, kwa sababu kila njia huinua kitu tofauti. Njia rahisi, nayo ndiyo ipatikanayo katika gereji nyingi, ni kuweka spesa: kipande cha chuma au cha plastiki ngumu juu ya shokomzoba, baina yake na bodi. Kipande cha sentimita chache huisogeza bodi juu, na kazi hiyo humalizika kwa siku moja. Lakini ni lazima ifahamike kwamba spesa haiongezi mwendo wa gurudumu wa kupanda na kushuka. Shokomzoba ni ile ile, na urefu wa kukunjuka kwake ni ule ule. Mwendo wote umehamishwa tu kuelekea chini. Gurudumu sasa huweza kuning'inia chini zaidi kuliko alivyokusudia mtengenezaji, na mpira wa breki, yaani bomba laini lipelekalo mafuta ya breki gurudumuni, huvutwa. Draivu shafti nazo huinama. Shafti ya gurudumu la mbele ni fupi, na iwapo umbali baina ya jointi zake mbili ni sentimita 40, kuinua sentimita 5 huongeza pembe ya nyuzi 7 katika kila jointi. Jointi hizo zimetengenezwa ili zifanye kazi zikiwa zimeinama kidogo. Zikiinama sana daima, raba zake hupasuka mapema, na raba iliyopasuka katika nchi ya mchanga maana yake ni kwamba grisi imegeuka kuwa msasa.

Njia ya pili ni kubadili springi, ama kwa zilizo ndefu ama kwa zilizo ngumu zaidi. Hapa sheria ya Hooke hufanya kazi kama ilivyo katika kitabu. Tuseme springi moja ya mbele hubeba uzito wa kilo 310, nao ni kani ya takriban nyutoni 3,040. Kama ugumu wake ni nyutoni 25 kwa kila milimita, uzito huo huikandamiza springi sentimita 12. Ili bodi ipande sentimita 4 kwa ugumu peke yake, springi mpya inapaswa kukandamizwa sentimita 8 tu na uzito ule ule, yaani iwe ngumu mara moja na nusu. Gari la namna hiyo litaruka-ruka kama mkokoteni kila lipitapo juu ya mabati, yale matuta madogo madogo yajipangayo katika barabara za changarawe, na gurudumu linaloruka haligusi ardhi. Wala lisilogusa ardhi halishiki breki. Springi iliyo ndefu zaidi, yenye ugumu ule ule, ni bora, lakini nayo huiacha shokomzoba ya zamani ikikaa karibu na mwisho wa urefu wake, hata gurudumu likitumbukia shimoni husikika kishindo cha chuma kwa chuma. Anayebadili springi hana budi kubadili shokomzoba pia, na hapo bei hupanda maradufu.

Njia ya tatu ni matairi makubwa, na hapa kuna jambo ambalo wengi hulisahau. Katika gari lenye ekseli nzima ya nyuma, kama vile Escudo za kwanza, difu imo ndani ya ekseli hiyo na haibebwi na springi. Springi zikiongezwa urefu, bodi hupanda, lakini difu hubaki pale pale ilipokuwa. Mgongo wa mchanga utaigonga difu kama ulivyoigonga jana. Kinachoweza kuiinua difu ya namna hiyo ni tairi tu, na tairi huinua kwa nusu ya ongezeko la kipenyo chake. Tairi la vipimo 215/70 la rimu ya inchi 16 lina kipenyo cha milimita 707. La 225/75 lina milimita 744. Tofauti ni milimita 37, na difu hupanda milimita 18 tu. Aidha, saa ya mwendo, ambayo huhesabu mizunguko na wala haioni njia, sasa itasema uongo: ikionyesha kilomita 80 kwa saa, gari liko kwenye 84. Nguvu ya kusukuma ardhini nayo hupungua kwa asilimia 5 hivi katika kila gia, jambo ambalo litakumbukwa katika kupanda ukingo wa Newala.

Baada ya kuinua kwa njia yoyote iwayo, mikono ya usukani hubadili pembe zake, na gari lisilofanyiwa alaimenti hula matairi upande mmoja na kuvuta kando. Mafundi hodari hulifanya hilo bila kuambiwa.

Sasa kuna suala la kupinduka, nalo ndilo lenye uhai na kifo ndani yake. Gari limesimama juu ya magurudumu yake kama meza juu ya miguu. Likipinda kona, ardhi huyasukuma magurudumu kuelekea ndani ya kona, lakini tungamo lote la gari hutenda kazi kana kwamba limekusanyika katika nukta moja, kitovu cha uzito, iliyoko juu ya ardhi. Kwa sababu hiyo hutokea momenti ya kulilaza gari kuelekea nje. Momenti inayoizuia ni ile ya uzito wa gari ukizidishwa kwa nusu ya upana baina ya gurudumu la kushoto na la kulia. Zikilingana, magurudumu ya ndani huanza kuinuka. Kwa hiyo uthabiti wa gari hupimwa kwa hesabu fupi: nusu ya upana baina ya magurudumu igawanywe kwa kimo cha kitovu cha uzito.

Ichukuliwe gari lenye kilo 1,400, upana wa mita 1.50, na kitovu cha uzito kwenye kimo cha sentimita 65. Uthabiti wake ni 0.75 kugawanya kwa 0.65, yaani 1.15. Likiinuliwa sentimita 5 kwa spesa, kitovu chake hupanda sentimita 4 hivi, kwani magurudumu, breki na viungo vya chini havikupanda. Uthabiti huwa 1.09. Katika kona yenye nusu kipenyo cha mita 40, mwanafunzi aliyekwisha soma mwendo wa duara atapata kuwa gari la kwanza lingefikia ukomo wa kupinduka kwenye mwendo wa kilomita 77 kwa saa, na la pili kwenye kilomita 74. Tofauti ni ndogo, na fundi atakayesema kuwa kuinua kidogo hakuna madhara makubwa atakuwa, kwa hesabu hii peke yake, amesema kweli.

Lakini gari la Newala halisafiri tupu. Watu wakijaa ndani, mizigo hupanda juu ya keria. Yawekwe huko magunia mawili ya korosho, yenye kilo 80 kila moja, ambayo kitovu chake kiko mita 1.9 juu ya ardhi. Kitovu cha gari zima pamoja na mzigo hupanda kutoka sentimita 69 hadi 81. Uthabiti huanguka hadi 0.92, na ukomo katika kona ile ile huwa kilomita 68 kwa saa. Magunia mawili yameharibu mara mbili zaidi ya kazi yote ya fundi. Ikumbukwe pia kuwa gari halisi si jabali: springi hulala kona inapopindwa, tairi hunepa, na kitovu cha uzito husogea kuelekea nje, kiasi kwamba uthabiti wa kweli hupungua kama sehemu moja ya kumi. Kutoka 0.92 hubaki takriban 0.83.

Tarakimu hiyo ilinganishwe na msuguano. Tairi juu ya mchanga hushika kwa kadiri ya 0.4 hadi 0.6 ya uzito ulio juu yake. Dereva akizidisha mwendo, gari huteleza kwanza kabla ya kufikia ukomo wa kupinduka. Mchanga, kwa namna fulani, humsamehe dereva, isipokuwa pale gurudumu linapoteleza na kugonga ukingo wa mfereji au kisiki, ambapo mtelezo husimama ghafla na gari huendelea kwa juu. Lami kavu hushika kwa 0.8 na zaidi. Gari lililoinuliwa na kubebeshwa magunia darini, lenye uthabiti wa 0.83, limekaribia mno kiwango hicho. Gari lile lile lilipotoka kiwandani, likiwa tupu, hata baada ya kutoa sehemu moja ya kumi, lina 1.04, na huteleza kabla ya kupinduka. Kwa maneno mengine, gari lililotengenezwa upya kwa ajili ya mchanga huwa hatari zaidi pale mchanga unapokwisha na barabara nzuri inapoanza, kwa kuwa hapo msuguano huongezeka na dereva, kwa furaha ya kutoka mavumbini, huongeza mwendo. Hili halielezwi mara kwa mara katika gereji.

Kwa upande wa mchanga wenyewe, kuinua si dawa ya kwanza. Mchanga mkavu hauna kiunganishi baina ya chembe zake. Hubeba kwa msuguano tu, na kanieneo ikizidi chembe hukimbia pembeni na gurudumu huzama. Mvua ikinyesha, utando mwembamba wa maji hushika chembe moja kwa nyingine, na njia ile ile huwa ngumu kwa siku kadhaa, jambo ambalo kila dereva wa uwandani hulijua hata kama hakusoma habari za mvutano wa uso wa maji. Wakati wa ukavu, kanieneo chini ya tairi hukaribiana na kanieneo ya upepo uliomo ndani yake. Gurudumu libebalo kilo 350, lenye upepo wa kilopaskali 200 (madereva husema paundi 29), hugusa ardhi kwa eneo la sentimita za mraba 170 hivi. Upepo ukipunguzwa hadi kilopaskali 120, yaani paundi 17 hivi, eneo hukaribia sentimita za mraba 290. Alama ya tairi hurefuka kama kanyagio la ngamia, wala haikugharimu kitu ila dakika chache na pampu ya kuurudishia upepo. Pampu hiyo ni ya lazima, kwani tairi lenye upepo kidogo likikimbizwa juu ya lami hukunjika na kukunjuka mfululizo, hupata joto, na huweza kupasuka. Faida inayopatikana tumboni ni sifuri, kwa kweli hupungua sentimita moja au mbili, na bado gari lililokwama mara nyingi hutoka.

Kuhusu kuvuta, gari halipati nguvu mpya kwa kuinuliwa. Difu ya kawaida huigawa momenti sawa kwa kulia na kushoto, na gurudumu moja likiwa hewani halipokei kitu, wala mwenzake aliye chini hapati zaidi ya hapo. Springi ngumu huzidisha hali hiyo kwa kuwa gurudumu haliwezi kulifuata shimo vizuri.

Na mteremko? Gari lenye kilo 1,560, likishuka ukingo kwa kimo cha mita 300, hutoa nishati ya takriban megajuli 4.6. Kama dereva ataiacha yote iishie katika breki, na diski na ngoma zake zote zina kilo 25 za chuma, joto lake lingepanda karibu nyuzi 400 za Selsiasi iwapo upepo usingezipoza. Mafuta ya breki yakichemka, kanyagio huzama bila kushika. Kwa ajili hiyo hushukwa kwa gia ndogo, injini ikizuia, na yule aliyefunga matairi makubwa akumbuke kuwa injini yake sasa inazuia kwa nguvu pungufu kidogo, na breki zake vile vile.

Kwa hesabu hizi zote, mwenye gari dogo huko Newala au Masasi angetumia fedha zake vyema zaidi kwa kuanza na matairi mazuri na pampu, kisha bamba la chuma la kulinda sampu ya oili, kisha springi ndefu kidogo pamoja na shokomzoba zake, pasipo kupita sentimita 3 au 4. Keria angeiacha kwa ajili ya magodoro na vikapu vitupu. Magunia yakae sakafuni, na yakizidi, ifanywe safari ya pili.

Walimu waweza kulionyesha jambo hili darasani bila gari. Kipande cha mbao chenye upana wa sentimita 10, urefu wa 20 na kimo cha 8 huwekwa juu ya ubao mrefu uliobandikwa msasa ili kisiteleze, na mbele ya ukingo wake wa chini hupigiliwa kijiti chembamba cha kukizuia. Ubao huinuliwa upande mmoja pole pole huku pembe ikipimwa kwa protrakta. Kitovu cha uzito kikiwa kwenye sentimita 4, nusu ya upana ikiwa 5, tanjiti ni 1.25 na mbao hupinduka karibu na nyuzi 51. Kisha kipande cha pili cha mbao ile ile, chenye vipimo vile vile, hufungwa kwa uzi juu ya cha kwanza, na wanafunzi hutakiwa kukokotoa pembe mpya kabla ya kuinua ubao. Wengi hutaja nusu ya ile ya kwanza, nyuzi 25 hivi. Kitovu kimefika sentimita 8, tanjiti ni 0.625, na pembe ni nyuzi 32.